Jua la Chumba Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi 1958
Mkurugenzi katangaza: Ijumaa anachagua mtambo mmoja. Wa pili unang'olewa, na mwenyewe anahamia stoo kupanga misumari. Tuko wawili tu, mimi na Miwani wa chumba cha jirani. Kazi yetu moja: kuchemsha hidrojeni kupita jua mpaka viini vyake viungane. Miaka mitatu sasa! Gesi yangu inagusa ukuta na kupoa kabla sijapepesa macho. Ya Miwani vilevile. Afadhali.

Nimenunua saa ya mkononi, namba zake zinawaka gizani. Ya kupigia picha nikishinda. Mke wangu kauliza nitashinda kwa lipi.

Jumanne, 4 Machi
Muujiza! Nimewasha mtambo, nikainamia kipima mnururisho, kile kinachopaswa kulia viini vikiungana, saa mpya mkononi. Tik-tik-tik! Nikikaribia, kinazidi. Nikienda dirishani, kimya. Mtambo unamjua bwana wake. Viini vimeungana! Nimefunga mlango kwa kufuli, Miwani asichungulie. Kisha nikamnong'oneza mfagiaji, iwe siri yetu. Kufikia mchana jengo zima linajua.

Alhamisi, 6 Machi
Mkurugenzi kaja na mpiga picha. Miwani naye, bila kualikwa. Tik-tik! Makofi. Miwani, kwa adabu zake zile za kuudhi, akaomba nizime umeme. Nikazima kwa madaha. Kipima kikaendelea kulia. Nikawaeleza kwamba jua likishawaka halizimwi.

Akaniomba nivue saa. Akaipeleka mwisho wa korido. Kimya. Kumbe ile rangi ya kung'aa ina radiamu, na mnururisho wote ulitoka humo. Nilitamani ardhi inimeze. Mpiga picha hakungoja, alinipiga hapohapo.

Ijumaa, 7 Machi
Mtambo wangu umeng'olewa. Nilikuwa nakusanya bisibisi zangu niende stoo, na kusema kweli nilikuwa nalia, Miwani akaingia.

"Ndugu yangu, koili zako zinabana gesi kuliko zangu," alisema. "Nimemwomba mkurugenzi uje tufanye kazi pamoja. Ila tusidanganyane tena."

Nilimshika mkono kwa mikono miwili. Nimeapa mbele ya mke wangu: ujanja basi. Kauliza mpaka lini. Nikasema milele.

Jumamosi, 8 Machi
Jumatatu mkurugenzi anakuja kututazama. Gesi ya Miwani bado inapoa. Inaniuma, mtu mwema vile. Nimelitafakari kosa langu asubuhi nzima, na nimeliona. Saa ya mkononi huvuliwa.

Nimenunua ya ukutani.