Talaka ya Dakika Tisa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Wilaya usiyekuwepo, waheshimiwa wawakilishi wake mliochelewa, wazee wetu wa kofia nyeupe, wadau wa ndoa na wadau wa talaka: (makofi ya walioamriwa) mimi, Naibu Mratibu Sharshenbek, nasimama mbele ya mlango huu wenye utepe mwekundu kuzindua Ofisi ya Kuwalinda Wagonjwa wa Akili katika Mgawanyo wa Mali za Talaka, ya kwanza katika milima yote ya Naryn na, nisijinyime sifa, ya pili duniani. (Sauti: "Ya kwanza iko wapi?") Utafiti unaendelea.

Ndugu zangu, zamani talaka ilikuwa vurugu, mke anavuta zulia, mume anavuta farasi, hakimu anakosa chakula cha mchana. Sasa mwongozo wetu unaelekeza kwamba mgonjwa wa akili asisaini mwenyewe, awekewe msimamizi wa karibu. Na nani wa karibu kuliko mume? Mfano hai ni Bibi Burulcha yule pale, aliyefiwa na mwanawe mwaka juzi akanyamaza miezi mitatu. Mumewe Ishenbai aliomba talaka akiwa mdai, akaikubali akiwa msimamizi wa mdaiwa, na nyumba pamoja na kondoo thelathini na tisa vikaenda kwa mume, kondoo mmoja kwa mke, kwa dakika tisa, bila mtu kupaza sauti. Maridhiano asilimia mia na nne! (Ishenbai anainama)

(Burulcha: "Mheshimiwa, nilinyamaza kwa msiba, sikurukwa na akili. Na kondoo walikuwa arobaini na saba.")

Mnaona? Anahesabu. Ni dalili hiyo, daktari ataifafanua akiajiriwa. (Mzee mmoja: "Mwanangu, wewe umepata mia na nne ndani ya mia. Msimamizi wako nani?" Kicheko kirefu) Maswali mwishoni, mzee wangu.

Wanyonge walindwe! (watu wanatazama utepe) Wanyonge walindwe! (Ishenbai peke yake: "Walindwe!")

Nimalizie kwa shukrani. Ofisi yenyewe haijajengwa, wala fungu lake halijaombwa. Kwa leo tunamshukuru Ishenbai kwa kutuazima mlango wa nyumba yake mpya, ile ile ya talaka, tufungie utepe. Nawe Bibi Burulcha, asante kwa kondoo anayechemka jikoni, yule mmoja wako, maana msimamizi wako ametusainia kwamba umemtoa kwa moyo mkunjufu. Kichwa, kwa mila zetu, ni cha mgeni rasmi, yaani mimi.