Samahani kwa Wote

Jumatatu, 3 Machi
Mke amerudi kwao. Kisa? Niliuza cherehani yake nikanunua kompyuta. Ndiyo shukrani ya maendeleo! Mama mkwe ametuma neno: simwoni mwanawe hadi niuombe radhi ukoo mzima, mmoja mmoja. Ukoo wenyewe ni kijiji. Mimi mwandishi wa programu na mmoja mmoja wapi na wapi?

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika programu. Ina akili kuliko mashemeji zangu wote, ingawa hilo si sifa kubwa. Unaipa orodha ya watu na kitendo. Inamchukua wa kwanza, inamfanyia kitendo, inahamia kwa anayefuata, mpaka wa mwisho. Kitendo unabadilisha upendavyo. Cha leo ni kutuma ujumbe: "Samahani kwa yote niliyokutendea. Unayajua." Orodha? Nimeipa namba zote zilizomo kwenye simu. Nianze kuchambua wakwe kama mchele? Na samahani si sumu, wakipata wengine kuna ubaya gani?

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe amelainika! Mke atarudi Jumamosi. Ila meneja kaniita, kauliza ni yapi hayo niliyomtendea. Nikasema hakuna. Akasema hivyo ndivyo wasemavyo wenye hatia, na ameagiza kazi zangu zote zichunguzwe. Mwenye nyumba kaja kupapasa kuta na mabomba. Jirani hanisalimii tena, na mkewe anamtazama kwa jicho la pembeni.

Alhamisi, 6 Machi
Dawa ya moto ni moto. Programu sijaigusa, uzuri wake ndio huo. Nimebadilisha kitendo tu: "Nafuta kauli. Sijakukosea lolote. Ukiona umekosewa, jichunguze." Nikabonyeza. Meneja hakuniita tena. Mwenye nyumba hakurudi kupapasa kuta. Nikajipongeza kwa chai. Kikombe kikiwa nusu nikakumbuka kuwa mama mkwe naye yumo kwenye simu.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe hapokei. Mke kapokea. Alikuwa akilia. Nyumba hii haikaliki bila yeye. Kasema hataki ujumbe tena. Anataka sauti yangu, kwa mdomo wangu mwenyewe, nimwambie nampenda na arudi. Basi, hilo tu. Ningesema palepale, lakini sikuwa nimejiandaa. Nikakata simu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejiandaa! Nimerekodi. Sauti yangu, mdomo wangu mwenyewe: "Mpenzi wangu, nakupenda, kitanda kimepoa, rudi." Kitendo kipya: piga simu, cheza sauti, nenda kwa anayefuata. Orodha ni ileile. Kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Nimebonyeza. Wa kwanza, baba mkwe, amepokea na kusikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Dalili njema hiyo. Sasa inaita kwa meneja.