Mwandishi Amekuja Kurudisha Kitabu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Darasa limeanza hapa maktabani. Vijana wamefika, wa Malava, wa Ekero, watoto wa watu wasio na kitu, na wote wameitwa chuo kikuu kusomea udaktari. Madam Milcah, mkutubi wetu mkuu, anawafundisha utafiti kabla hawajaenda. Jinsi ya kutafuta chanzo. Jinsi ya kukihoji. Nani aliandika? Lini? Nani mwingine anasema hivyo? Mafunzo mazuri sana. Nilikuwa nimejiandaa kuyatoa mimi.

Amepewa nani kumsaidia? Kipkoech. Ana digrii, na viatu vya raba visivyotoa sauti. Unageuka, yuko nyuma yako. Mimi, Cleophas Osiako, mtu aliyeiona Kampala na Mombasa kwa macho haya, nimeambiwa nipange viti. Nimevipanga. Kiti cha Kipkoech nimekipa kile chenye mguu mfupi.

Ijumaa vijana watasimama mbele ya wafadhili na ripoti zao. Atakayepita, karo yake yote italipwa. Atakayekutwa na chanzo kimoja kisichosimama, anarudi kwao. Madam alisema daktari anayebuni anazika watu. Nikatikisa kichwa kuliko wote.

Sasa, kuna Gentrix. Binti wa Ekero. Baba yake hukata miwa. Aliumwa na nyoka shambani, wenzake wakamkimbiza kwa miguu yake mwenyewe hadi barabarani, na ule mguu haujarudi sawa mpaka leo. Kwa hivyo binti anaandika juu ya nyoka wa mashamba ya miwa. Vyanzo vyake vyote ni vya nchi za mbali. Kipkoech akamwambia atafute kimoja cha hapa kwetu, la sivyo abadilishe mada. Alienda kulia nyuma ya rafu ya jiografia. Sisi watu wa rafu tunasikia.

Moyo wangu si jiwe. Nikamwambia kipo kitabu: Nyoka na Mkata Miwa, cha Daktari Wangila Makhanu, aliyekuwa na kliniki kule Malava zamani. Anasema aliyeumwa, ngoja kidogo, asitembee hata kidogo. Alazwe, atulizwe, abebwe hadi hospitali. Nimeyatoa wapi? Mimi mwenyewe sipendi kutembea. Gentrix akaandika kila neno. Akaniita mwalimu.

Jumanne, 5 Agosti

Kipkoech anataka kukiona kitabu. Eti kila chanzo lazima kilazwe mezani kabla ya Ijumaa. Nikasema kimeazimwa. Akauliza na nani. Nilikuwa na mandazi mdomoni, akili haikufanya kazi vizuri. Nikasema na mwandishi mwenyewe.

Akaniangalia. Akaniuliza taratibu, ndugu yangu Cleophas, tangu lini mwandishi akaazima kitabu chake? Nikamwambia watu husahau walichoandika, yeye bado kijana, atajionea. Akaondoka bila sauti, kama kawaida yake.

Mpango umeiva. Kesho nitasema daktari amekiangusha mtoni Isiukhu. Mvua, mzee, daraja linateleza. Nani atagombana na mto?

Baadaye. Kipkoech amerudi, mpole kama kuku aliyenyeshewa. Amekipata kwenye kompyuta ya maktaba. Jina la kitabu, jina la mwandishi, rafu yake. Chini yake: kimeazimwa. Ameniomba msamaha mbele ya watu. Nimeupokea kama mkubwa.

Lakini sikukiingiza mimi. Kompyuta ile ina neno la siri na sijawahi kupewa. Nimejiambia Madam alikosea kubonyeza. Mtu anaweza kukosea kubonyeza herufi. Jina zima?

Jumatano, 6 Agosti

Rafu ya tiba ina pengo. Pengo la kitabu kimoja. Nilisukuma vitabu vikabanana. Nilipotoka kula, pengo lilikuwa limerudi. Nikasukuma tena, nikasimama hapo kulitazama. Halifanyi kitu ukilitazama.

Nilienda kunywa chai kwa Mama Quinter, hapo nje ya lango. Nikamsimulia yote ili acheke. Mama Quinter huwa anacheka hata matangazo ya vifo. Leo hakucheka. Aliacha kumimina chai.

"Wewe mtoto wa Osiako, hilo jina umelitoa wapi?"

Nikasema kichwani mwangu. Akasema kwetu hakuna jina la kichwani. Mtoto akilia usiku na mchana, si anatajiwa majina ya waliokwenda, moja moja? Anaponyamaza, si huyo ndiye amekuja? Nikakubali. Hata mimi nilinyamazia la babu yangu.

"Sasa wewe umeita mtu, na mtoto hakuna. Akija atakaa wapi?"

Nikamwambia hatakuja. Akasema wanakujanga tu, na akakataa kunijazia kikombe. Nikacheka peke yangu. Haipendezi kucheka peke yako mbele ya mtu anayekuangalia hivyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa nane mvua ikaja, ile yetu ya kupiga mabati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Mtu akaingia. Suti ya zamani, tai nyembamba, mkoba wa daktari. Viatu vikavu.

Hakuna aliyeinua kichwa. Kipkoech alipita karibu naye, akajifunga sweta hadi shingoni, akaendelea. Mtu yule akaja hadi kaunta, akavua kofia, akasema amekuja kurudisha kitabu. Nikamuuliza jina. Kazi ni kazi. Akasema nalijua.

Alikuwa na sauti yangu. Yangu hasa, ila imesoma zaidi.

Angekuwa mkali ningemfukuza. Alikuwa mpole. Alishukuru kwa kitabu. Alishukuru kwa kliniki. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia njia:

"Na nyumba yangu iko wapi, bwana? Tangu Jumatatu natembea. Malava hakuna anayenijua. Kliniki nimeiona, ina mlango, lakini haina ndani."

Akauliza kama aliwahi kuoa. Akauliza kama kuna aliyemlilia. Nikampa kiti cha dirishani. Alikaa huko akiwatazama vijana wakisoma, kama mgeni anayesubiri chakula kwenye nyumba ambayo haijawasha moto.

Nikafungua kitabu. Jalada la kijani, kizito. Kurasa zote nyeupe, isipokuwa moja, na humo maneno yangu neno kwa neno: "Aliyeumwa, ngoja kidogo, asitembee hata kidogo."

Basi kesho wafadhili watakifungua. Watakuta weupe. Gentrix atarudi Ekero kumwambia baba yake kwamba ni kwa sababu ya mtu wa viti.

Nikaingia nacho stoo. Nikajaribu kukisemea. Nikasema dalili za sumu: ikaandikwa. Nikasema historia ya nyoka wa Ekero: ikaandikwa. Nikanogewa. Nikasema dawa, nikasema vijiko vingapi, nikafika kwa watoto wadogo. Na nilipoona vile vijiko vimekaa kwenye karatasi kwa herufi safi, zenye adabu, za kuaminika, nikaacha kusema. Kuna mtu angempa mwanawe hivyo vijiko. Kuna mtu angesema, kitabu kimesema.

Niling'oa ukurasa. Nikautafuna wote. Una ladha ya chuma na mvua.

Nikampelekea Gentrix kitabu, nimwambie na ukweli. Ukweli ukafika mlangoni mwa mdomo ukageuka. Nikamwambia asimtegemee sana yule daktari, alikuwa mlevi.

Pale dirishani, Daktari Makhanu akajishika mdomo.

Ijumaa, 8 Agosti

Ukumbi umejaa. Wafadhili mbele, Madam Milcah kando, Kipkoech kwenye kiti cha mguu mfupi. Nyuma kabisa, Daktari Makhanu. Tai imelegea. Ananuka pombe ya busaa. Aliponiona aligeuza uso, na hiyo imeniuma kuliko kama angenipiga.

Zamu ya Gentrix. Akalaza vyanzo vyake mezani, kimoja kimoja. Mwenyekiti wa wafadhili, mama mwenye miwani ya kamba, akakichukua cha kijani. Nikafunga macho.

Nikasikia sauti ya Gentrix, haitetemeki. Alisema hicho amekisoma na amekitoa kwenye ripoti. Alimtafuta mwandishi kila alikofundishwa kutafuta. Hayupo. Akampigia simu shangazi yake Malava, aulize majirani. Hakuna aliyewahi kutibiwa naye. Neno lake ni la kweli, mgonjwa asitembee, ameliona kwenye miongozo ya madaktari na amelithibitisha kwa muuguzi aliyemtibu baba yake. Kwa hiyo ameliandika kwa majina yao.

"Siwezi kumwambia mgonjwa jambo kwa kinywa cha mtu nisiyemjua," akasema. "Hata kama kinywa kimesema kweli."

Mama wa miwani akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina la daktari kwenye orodha ya vyanzo. Mstari mmoja, mfupi.

Kule nyuma, Daktari Makhanu akasimama. Aliyumba kidogo, hiyo ni zawadi yangu. Akamwinamia Gentrix, kama mwalimu aliyeridhika, akasema ni sawa, binti yangu, ni sawa kabisa. Sidhani kuna mwingine aliyesikia. Halafu kiti kilikuwa kiti tu. Nilikigusa. Baridi kama jiwe la kisimani.

Gentrix amepita. Wa kwanza kutajwa. Alimpigia baba yake simu hapo hapo ukumbini, na mzee kule shambani akaimba hadi tukamsikia sote. Nililia. Kipkoech akanipa leso. Nimeanza kumwona si mtu mbaya sana. Kesho nitambadilishia kiti.

Rafu ya tiba haina pengo tena. Nilisimama hapo kidogo. Nilitaka kumwambia pole, lakini unamwambia nani?

Jumatatu, 11 Agosti

Nimewaza Jumamosi na Jumapili nzima, hata kanisani. Kosa langu nimelijua. Nilikuwa na haraka. Mtu huwezi kumtoa hewani ukamwacha bila kitanda, lazima aje kukusumbua. Kazi hii inataka maandalizi.

Kundi la pili limefika. Kuna kijana Mitchel, anaandika juu ya akina mama wanaojifungulia mbali na hospitali, huko kandokando ya msitu. Hana chanzo cha hapa kwetu. Midomo ilikuwa inamcheza. Mimi ni binadamu.

Nikamwambia habari za Sista Immaculate, mkunga wa Isecheno. Safari hii polepole, kwa mpangilio. Nimempa nyumba ya vyumba vitatu, yenye ndani. Nimempa ng'ombe wawili, cherehani, sauti ya kwaya. Ili asiwe mpweke nimempa watoto saba. Sikumpa ulevi wowote. Mitchel aliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Nilijipongeza.

Saa nane mvua imekuja.

Amesimama hapa kaunta ninapoandika. Mama mnene, mzuri, anacheka kwa macho. Hana shida yoyote ya nyumba, ameniambia hata bati halivuji. Watoto wote saba wako nyuma yake kwa kimo, wakavu, na kila mmoja ana paji langu la uso. Mkubwa ameniuliza, kwa sauti yangu, baba yao yuko wapi.

Mume. Nilisahau mume.

Mama mtu ananitazama, anasubiri. Watoto wanasubiri. Yule mdogo amenishika kidole.

Nimewaambia yuko Juba. Mtu mrefu, mwanajeshi wa zamani, ana wivu kidogo, na anarudi leo saa kumi.