Picha Ambazo Hakuna Mwanamume Atakayeziona

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Projestus, mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, kafunga miamvuli miwili ndani ya studio yake. Nilidhani paa linavuja, nikafurahi. Kumbe ni ya taa. Taa inapiga mwamvuli, mwamvuli unarudisha mwanga, sura ya mteja inakuwa laini kama ametoka kuoga. Leo wateja wangu wamevuka barabara mchana kweupe. Mmoja alinipungia mkono!

Lazima nijibu. Bi Salma wa mtaa wa nyuma anamwoza binti yake Hamisa, Ijumaa ya tarehe ishirini. Kabla yake kuna siku ya singo, shughuli ya wanawake peke yao. Mwali anasingwa mwili mzima kwa manjano, wenzake wanacheza vichwa wazi. Atakayepiga picha za siku ile ameishika Tandika yote. Mwanamume haingii, kwa hiyo ataingia dada yangu Munira. Kusema kweli, hata za hapa studio nyingi anapiga yeye. Mimi nashughulikia upande wa mawazo.

Ila Felicitas, mke wa Projestus, anamtaka Munira akapige picha kwao. Munira kaniambia bila kupepesa: kazi ya Bi Salma tukiiharibu, anavuka barabara. Kaongeza kwamba Felicitas amegeuza stoo yake chumba cha giza na anasafisha picha mwenyewe. Mambo ya kizamani.

Jumatano, 4 Agosti

Kariakoo. Nimenunua lenzi! Ndefu kama mchi. Muuzaji alinionyesha na fupi yenye mdomo mpana, akasema hiyo ndiyo ya sura za watu na ile ndefu ni ya kupigia mpira uwanjani. Nikamwuliza kama ananiona mgeni mjini. Mteja haangalii mdomo wa lenzi, anaangalia urefu.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu Asifiwe. Nikamkalisha kwenye stuli mbele ya pazia langu la maporomoko ya maji. Nikachungulia. Pua. Nikarudi nyuma. Pua na jicho. Nikarudi mpaka mlangoni, barazani, barabarani. Uso mzima ulienea nilipofika kwenye baraza ya Projestus. Projestus akanitolea kiti. Sikuona dharau usoni mwake, na hilo ndilo lililoniudhi.

Nikampigia mwalimu kelele acheke. Akacheka. Hapohapo ukapita mkokoteni wa mkaa. Picha ni nzuri sana ya mkaa.

Munira anasema nikaibadilishe lenzi. Nimekataa. Atazoea.

Jumamosi, 7 Agosti

Taa. Miamvuli ni ya kukingia mvua, mimi nataka mwanga wenyewe. Nimepata taa mbili kwa fundi mmoja wa Wazo, zile wanazowasha wakimwaga zege usiku. Nikazijaribu kwa Munira. Wanja ukamtiririka mpaka kidevuni. Akasema anasikia harufu ya nywele kuungua. Kabla sijajibu, umeme ukakatika nyumba nzima, na mpira ulikuwa redioni, na wapangaji wenzangu ni watu wa mpira. Maneno waliyoniambia siwezi kuyaandika.

Munira akaosha uso. Akatundika kanga nyeupe dirishani, akanikalisha pembeni yake, akanipiga picha moja kwa mwanga wa jua lililochujwa. Nimeiona baadaye. Nimetoka mzuri, lazima nikubali. Lakini studio haiwezi kuendeshwa kwa nguo za kufulia. Nimeitoa ile kanga.

Jumanne, 10 Agosti

Siku kubwa! Shemeji yangu karudi kutoka Dubai na kamera ya dijitali. Haili filamu. Inakula disketi, ileile ya kompyuta. Ukishapiga, picha inaonekana palepale kwenye kioo cha nyuma. Tumekubaliana nibaki nayo, naye achukue pikipiki yangu. Pikipiki haikuwa inawaka.

Nikaenda nayo moja kwa moja kwa Bi Salma. Shikamoo, marahaba, kahawa. Projestus alikuwa amenitangulia, anaeleza miamvuli yake. Bi Salma akamkatiza. Alisema hana shida na mwanga, shida yake ni wanaume wa dukani wanaosafisha picha. Harusi iliyopita ya ukoo wao, picha ya mwali na singo lake ilibandikwa dirishani mwa duka, tangazo! Watu wakapita wanaitazama mpaka Idi.

Nikaona upenyo. Nikasimama. Nikasema kamera yangu haina filamu. Pasipo filamu hapana kusafisha, pasipo kusafisha hapana duka, pasipo duka hapana mwanamume. Nikaapa mbele ya kahawa ile kwamba hakuna mwanamume atakayeziona, hata mimi. Projestus akaanza kusema kuhusu stoo ya mkewe, lakini nilikuwa nimeshawasha kioo na bibi mzaa mama wa Hamisa alikuwa anajiona ndani yake, anacheka. Kazi ni yetu!

Munira aliuliza swali moja njiani: tutazitoaje kwenye karatasi? Nikamwambia asinichoshe na mambo madogo.

Jumamosi, 14 Agosti

Singo. Munira ndani, mimi nje ukutani na wanaume wenzangu na pilau. Disketi ikijaa, anatoa mkono dirishani na kunipa imefungwa kwenye leso. Nimezipokea nikiangalia juu.

Anasema zimetoka vizuri. Aliwasogeza dirishani, wakasahau kama wanapigwa picha. Anasema Hamisa alikuwa wa manjano mpaka kope, na kuna moja bibi yake kamshika mashavu, wote wawili wanalia na kucheka. Anasema hiyo ndiyo picha bora aliyowahi kupiga. Nilitamani kuiona. Sikuiona. Kiapo ni kiapo, na najivunia.

Jumatatu, 16 Agosti

Tandika sijui mwenye kompyuta ya kutoa picha. Nikamkumbuka Adelard wa Kinondoni, mwenye steshenari. Anachapa barua, anatoa na kadi za harusi. Munira akataka aende peke yake, jioni, mlango ukiwa umefungwa. Mwoga. Nikaziweka disketi mfukoni yeye akiwa sokoni, nikaondoka.

Nilifanya kila kitu kwa uaminifu. Nilimweleza Adelard kuhusu kiapo. Naye ni mtu wa kanisa, akaelewa. Akaweka disketi, akabonyeza picha zijifungue zenyewe moja baada ya nyingine huku mashine ikichapa, kisha sote wawili tukageukia ukuta. Tukakaa hivyo muda mrefu. Tuliongea jinsi uaminifu unavyopotea mjini. Adelard akasema watu kama sisi hawapatikani.

Nyuma yetu mtu akakohoa.

Sikujua kwamba kioo cha kompyuta kinatazama benchi la wateja. Benchi lilikuwa limejaa. Na mbele kabisa, kofia magotini, amekaa Mzee Mbwana, baba mkubwa wa bwana harusi, aliyefuata kadi za mwaliko zilizochelewa.

Nikasema shikamoo. Aliitikia polepole. Akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama yule wa manjano si mkwe wao Hamisa. Na kama yule aliyekuwa anazungusha kiuno si bibi yake.

Adelard akachomoa waya ukutani. Alichomoa wa feni.

Jumanne, 17 Agosti

Mzee Mbwana hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mkewe. Kufika adhuhuri Kinondoni yote imejua, kufika alasiri imevuka Jangwani.

Niliitwa kwa Bi Salma. Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alisema tu, "Uliapa mbele ya kahawa yangu, baba." Upande wa pili wa pazia nilimsikia Hamisa analia, kwamba wameshamwona, kwamba ataingiaje kwao na uso gani. Hapo niliona aibu, aibu kweli. Nikajitetea kwamba mimi binafsi sikuona hata moja. Haikusaidia.

Munira ndiye aliyeokoa. Alikwenda Kinondoni na halua, pamoja na somo wa Hamisa, yule aliyemfunda, wakaomba radhi kwa wanawake wa upande ule. Akamwonyesha mke wa Mzee Mbwana ile picha ya bibi na mjukuu, kwenye kioo kidogo cha kamera, mlango umefungwa. Yule mama aliitazama mpaka akafuta macho. Akasema harusi ipo palepale, na bibi yule aje acheze na kwao.

Munira karudi, kafungasha nguo zake za kazi na kanga nyeupe. Hakunitukana. Alisema, "Kaka, mie nakupenda, ila siwezi tena," akavuka barabara. Nilikaa kwenye stuli ya wateja mpaka giza.

Jumapili, 22 Agosti

Harusi imepita. Picha za wanawake wamepiga Munira na Felicitas, wakazisafisha wenyewe stooni, taa nyekundu, mlango kwa komeo. Wanasema Hamisa amezibusu. Kuna foleni pale ng'ambo, kina mama mpaka wa Pugu.

Nimetulia, nimefikiri bila hasira. Kosa halikuwa langu. Kosa ni kompyuta ya watu. Kamera hii ina waya wa kuonyeshea picha kwenye televisheni! Nimenunua televisheni kubwa, kioo kama dirisha. Nimeifunga juu ya mlango wangu, inatazama barabara, ili wapita njia waone ubora wa kazi. Adelard na kompyuta yake hawahusiki tena.

Lenzi ndefu nayo imepata kazi. Nikikaa hapa barazani naona ndani ya studio ya Projestus vizuri kabisa. Nimemwona Munira anatundika ile kanga dirishani. Maskini dada yangu, bado hajajifunza. Nimemtazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyokusudia.

Kesho nina mteja. Mjane kutoka Chanika, anataka picha ya faragha ya kumpelekea mchumba wake. Ana wasiwasi sana. Nimemtoa wasiwasi, nimemwapia hakuna mwanamume mwingine atakayeiona. Nikishapiga tu, nawasha televisheni na kugeukia ukuta, kama kawaida yangu.