Nguruwe wa Homoni

Sabuni aliingia kliniki ya wanawake kwa sababu nje kulikuwa na jua kali na ndani kulikuwa na feni. Hakuwa mgonjwa, wala mume wa mgonjwa, na kazi hakuwa nayo tangu alipoacha kuuza miwani ya kusomea isiyosomesha. Watu walimwita Sabuni kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshika akabaki naye mkononi. Akaketi kwenye benchi la kungojea, akakunja nne, akatega masikio.

"Daktari kasema ni PCOS," mwanamke mmoja alikuwa akimwambia mwenzake. "Homoni zimevurugika, ovari zina vifuko vidogo vidogo. Siku zangu haziji, na badala yake zinakuja ndevu."

"Mwenzio ndiyo hayohayo. Nimeambiwa nipunguze sukari na wanga. Mwezi wa tatu huu nakula kuku wa kuchemsha, shoga. Siku hizi nikikutana na kuku njiani nageuza uso."

"Atakayenipikia chakula chenye ladha kisichonidhuru, nitamfuata hata akiwa chongo."

Sabuni alikuwa na macho yote mawili, na hapo hapo aliyainua ukutani. Mtaalamu wa lishe wa kliniki alikuwa amebandika karatasi: steki ya nguruwe isiyo na mafuta, ijazwe mchicha, uyoga, pilipili hoho na kitunguu saumu, iokwe, iliwe na dengu na kabichi. Mstari wa mwisho ulisema kuwa chakula hiki husaidia kuidhibiti hali, hakiiponyi, na mgonjwa aendelee kumwona daktari wake. Sabuni aliibandua karatasi kwa heshima zote. Alipofika getini, mstari wa mwisho ulikuwa umeshachanika. Karatasi za siku hizi hazina nguvu.

Kufikia mwisho wa wiki, matangazo yalikuwa yameenea mjini. "Mtaalamu wa Homoni" angepika hadharani Jumamosi ya wiki inayofuata, saa kumi na moja jioni, chakula kinachosafisha ovari kwa wiki sita. Kuonja ni bure. Atakayependa atajiandikisha na kulipia wiki zote sita papo hapo. Ili kuupata ukumbi wa nyuma ya posta, Sabuni alimwekea mwenye ukumbi rehani televisheni yake, godoro lake na kitanda. Jumamosi ikiharibika, angelala sakafuni. Lakini mtu mwenye akili zake hafikirii sakafu, anafikiria wiki sita.

Palibaki kasoro moja ndogo. Mtaalamu alikuwa hajawahi kupika hata yai.

Akaenda kwa mama yake mdogo. Huyu alikuwa amepika katika kantini ya kiwanda kwa miaka ishirini na minane, na ndiye aliyemlea Sabuni baada ya mama yake kufariki. Alimkuta anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umeshiba au una shida?"

"Nina wagonjwa, mama. Wanawake wenye PCOS. Nataka kuwasaidia."

Mama mdogo akauacha mchicha. Binti yake wa pekee alikuwa na ugonjwa huohuo kwa miaka minne, na jambo hilo Sabuni hakulijua, kwa sababu hakuwahi kumwuliza binamu yake hali. Mama mdogo aliisoma karatasi hadi pale ilipochanika, akapapasa ule ukingo kwa kidole.

"Nitapika wapi?"

"Nyuma ya pazia. Mimi nitasimama mbele. Watu wanapenda kumwona mtaalamu, si mpishi. Usikasirike, mama, ndivyo dunia ilivyo."

"Nikasirike nini, mwanangu? Nyama unanunua wewe?"

"Nyama, mboga, dengu, kila kitu. Tena ndani ya nyama tia mkate uliochacha na asali kidogo, ijae haraka. Nani ataona? Si imefungwa?"

"Haya," akasema mama mdogo kwa unyenyekevu uliopaswa kumtia wasiwasi mtoto yeyote aliyelelewa naye. Sabuni aliondoka akipiga mluzi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wanawake walikuja na dada zao, na wengine waliwaburuta waume ambao walikaa nyuma na kuangalia viatu vyao. Sabuni alisimama mezani, aproni nyeupe imepigwa pasi hadi ikakakamaa kama bati.

"Mabibi na mabwana! Kifuko cha ovari ni kiumbe mwoga. Kikinusa kitunguu saumu ndani ya nguruwe, kinasinyaa. Alhamisi ya kwanza kinatingishika. Alhamisi ya pili kinaomba radhi."

Kuna watu walioandika maneno haya kwenye daftari. Mmoja wao alikuwa mwalimu. Mtu anaweza kusoma miaka kumi na sita na bado akaandika kuwa kifuko kinaomba radhi, na asione haya.

Harufu ikapita katikati ya pazia: kitunguu saumu, uyoga, nyama inayopata rangi. Watu wakanyoosha shingo. Kisha mkono ukasukuma sinia nje, na steki ilikuwa juu yake, nene kama mkono wa mwanariadha, imezungushiwa uzi wa pamba kwa mafundo yaliyopishana sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mwanamke wa mstari wa mbele akainuka. Alikuwa fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mtaalamu, samahani. Umefunga wewe hii?"

"Kwa mikono hii, dada yangu."

"Kazi safi sana. Mimi nimeshona miaka kumi na tano, fundo linalokaza bila kukata ninalijua nikiliona. Naona kuna nyama mbichi iliyojazwa hapo mezani. Tufungie moja, tujifunze."

"Muda, dada. Muda hauruhusu."

"Tuna muda!" ukumbi ukajibu. Hata waume wakaacha kuangalia viatu.

Sabuni alishika uzi. Alikuwa amezungumza na polisi, na wenye nyumba, na wajane wa aina tatu, na wote walizungumzika. Uzi haukuzungumzika. Aliizungusha nyama mara mbili, akapiga fundo la kamba za viatu, akavuta kwa tabasamu. Nyama ikafunguka kama mdomo wa mtu anayepiga chafya, na uyoga, mchicha na pilipili hoho vikaruka vikatua kwenye aproni.

"Kifuko kimeomba radhi," sauti ya kiume ikasema kutoka nyuma. Ukumbi ukavunjika mbavu.

Fundi cherehani akalivuta pazia. Mama mdogo alikuwa amesimama pale, mikono mifukoni, ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

"Huyu ni msaidizi wangu!" Sabuni akapaza sauti.

"Tangu lini?" akauliza mama mdogo. Akaja mezani, akaikusanya nyama, akaijaza upya na kuifunga huku akizungumza, bila kuitazama mikono yake. "Mkate sikutia, wala asali. Aliniagiza nitie, ila binti yangu ana ugonjwa huu, na mkate na asali vinampandisha sukari. Nawaambia ukweli, wanangu. Chakula hiki hakiponyi. Daktari wenu msimwache. Lakini binti yangu amekila miaka minne, siku zake zinakuja kwa mpango, na kuku wa kuchemsha tumesahau sura yake. Ikitoka kwenye oveni iacheni dakika kumi, ukiikata haraka maji yote yanamwagika. Haya, leteni sahani."

Walionja. Wanawake themanini walifuta sahani kwa vidole. Kisha wakaanza kuuliza wajiandikishe wapi.

"Hapa! Kwangu!" Sabuni akalipeperusha daftari.

Hakuna aliyegeuka. Fundi cherehani alikuwa tayari amefungua mkoba wake na kutoa aproni mbili za kijani, moja yake na moja ya mama mdogo. Kifuani zilitariziwa "Jiko la Mama Mdogo" kwa herufi za mviringo, zenye majani pembeni. Sabuni aliyatazama majani yale. Si kazi ya jioni moja. Ni kazi ya siku tatu, na mwenye kuyashona, sasa ndipo Sabuni alipomkumbuka sura, alikuwa mpangaji wa chumba cha uani kwa mama mdogo.

"Mlipanga," akasema.

"Tulipanga."

"Ukumbi nimekodi mimi! Nyama nimenunua mimi! Watu hawa nimewaleta mimi!"

"Na nakushukuru, mwanangu. Ningekuwa na mdomo kama wako, nisingekuhitaji."

Sabuni alitoka nje akaubamiza mlango. Alisimama barabarani kiasi cha dakika tano, akiwaza sakafu. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni, na ile harufu ilikuwa ikimfuata dirishani. Akarudi ndani kwa mlango wa nyuma, akanyoosha sahani.

"Panga foleni," akasema mama mdogo bila kuinua kichwa.

Akaenda akapanga foleni. Mwanamke aliyekuwa mbele yake akageuka, akaiangalia aproni yake yenye uyoga.

"Kaka, na wewe una homoni?"

"Sina," akasema Sabuni.

"Basi rudi mwisho kabisa. Wenye homoni kwanza."