Posa kwa Dufu

Jumatatu, 1 Septemba
Mzee Mansur wa Frere Town amesema hamuozi bintiye Hafswa kwa mtu asiyeshika dini. Basi! Mimi Zaid, muimbaji taarabu wa arusi zote za Kisauni, nimeshika dini tangu asubuhi. Kofia mpya. Kanzu ya kuazima. Nimejiunga na kikundi cha kupiga dufu cha madrasa; Alhamisi chasoma maulidi kwa Mzee mwenyewe. Nimewaambia nimesomea Lamu. Lamu nimefika mara moja, kwa arusi, nikarudi na mafua. Hafswa anisihi kwa simu niende kwa babake nikaseme kweli. Maskini, hajui mipango.

Jumatano, 3 Septemba
Mazoezi. Kiongozi wetu Ismail, ambaye naye amtaka Hafswa, alinionya nisikate kiuno. Wallahi sikujua kama nakata! Dufu lataka utulivu, bega kwa bega, nyote mwayumba pamoja. Nikayumba kushoto, wenzangu kulia. Nikamkanyaga Ismail. Nikamwambia Lamu ndivyo tufanyavyo. Akaniuliza Lamu mtaa gani. Nikasingizia kiu.

Ijumaa, 5 Septemba
Aibu! Jana mambo yalikwenda vizuri hadi sote tulipoinuka kumsalia Mtume. Ubani, sauti tamu, nikafumba macho. Machozi yakanitoka, na hayo hayakuwa ya kuigiza. Nikahisi mtu kanisimamia mbele. Sasa kwenye taarabu, mtu akikusimamia mbele amekuja kukutuza pesa. Nikanyoosha mkono, nikapaza sauti: ahsante mtuzaji wangu, ukumbi mpigieni makofi! Kufumbua macho, Mzee Mansur na mrashi wake, apitisha marashi kama ilivyo ada. Akaninyunyizia kiganjani, taratibu, kisha usoni. Ismail kajifunika uso kwa dufu, mabega yamtikisika. Nyuma ya pazia, vigelegele! Nikatokea mlango wa jikoni. Viatu vyangu viko huko hadi leo.

Jumapili, 7 Septemba
Hafswa kanipigia. Alhamdulillahi! Babake hana neno na taarabu. Ujanani alikuwa akipiga udi, ile ala ya nyuzi, kwenye kikundi cha taarabu. Kilichomuudhi ni uongo wa Lamu, maana mkewe ni wa huko. Lakini yale machozi aliyaona, yamemgusa. Asema Ijumaa niende kuposa, nikachukue na viatu vyangu, ila niende vile nilivyo. Nikishikwa na uongo mwingine, binti ampa Ismail.

Nililia kwa furaha. Kisha nikawaza. Mpiga udi atamkataaje mkwe mpiga udi? Nimeazima udi wa jirani yangu Barakat. Nimeshampelekea Mzee salamu kwamba naupiga tangu utotoni. Hadi Ijumaa nitakuwa nimeujua, inshallah. Kwanza nimuulize Barakat unashikwa upande gani.