Adhabu za Mastaa Dirishani

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata dawa ya yule mpiga picha wa ng'ambo ya barabara anayeninyang'anya wateja. Dirisha la studio yangu nimelijaza picha za mastaa, kila mmoja na adhabu yake ya ahera, zote nimezitengeneza kwa kompyuta. Mwimbaji anayechezesha midomo tu jukwaani: ataimba kwa sauti yake halisi milele. Mrembo anayetangaza chai ya kupunguza tumbo asiyoinywa: anainywa, na birika haliishi. Mchezaji anayejiangusha: yuko kwenye machela, wabebaji wanamwangusha. Watu wamejaa mpaka barabarani. Jirani kafunga mapema. Raha iliyoje!

Mama mkwe akapita, akazitazama zote, miwani puani. Akauliza taratibu: na wewe baba, uliyemletea binti yangu picha ya uchumba yenye nywele na kichwa hicho cha upara, umejipangia ipi? Watu wakacheka. Nami nikacheka, kidogo.

Jumanne, 4 Machi
Nikinyoa ndevu nimegusa uvimbe chini ya taya. Kulia tu. Kushoto hakuna, nimetafuta mara ishirini. Daktari kauchoma sindano, kavuta majimaji, majibu Ijumaa. Nikamuuliza ni nini. Akasema tusubiri.

Naogopa. Nimeliandika neno hilo, nikazidi kuogopa.

Jumatano, 5 Machi
Kazi haishikiki. Adhabu yangu naijua, maana fundi wa kuzitunga ni mimi. Huko ahera nimekaa kwenye stuli, taa usoni. Inua kidevu. Shusha. Usipepese. Nyuma ya kamera wamejipanga wateja wote niliowavalisha kwa kompyuta suti wasizokuwa nazo, na hakuna anayebonyeza. Jasho linanitoka mchana kweupe. Mke wangu kanisihi nizibandue zile picha. Nimekataa, jirani atasema nimeshindwa.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango wa kupunguza dhambi: leo kila mteja apewe uso wake halisi, bila kupambwa kwa kompyuta. Mwalimu mkuu mstaafu kaitazama picha yake, kasema huyu ni marehemu baba. Bibi harusi kaangua kilio, shangazi yake kanikunja shati. Nikamwambia mwenzenu nakufa. Akasema nife, ila nitengeneze picha kwanza. Wote wamehamia ng'ambo.

Sina hali. Nimepiga magoti nyuma ya pazia la studio nikaapa: nikipona nabandua zote, na simhukumu tena kiumbe.

Ijumaa, 7 Machi
Jino! Jino bovu la nyuma limevimbisha tezi, basi. Nimelia mbele ya karani wa hospitali bila aibu. Saa tano nikazibandua zote, kiapo ni kiapo.

Saa sita nimeanza mpya. Daktari aliyemweka mtu roho juu siku tatu: yuko kwenye benchi la hospitali, anasubiri aitwe. Kila zamu yake ikifika, karani anafunga dirisha anakwenda kula. Sijawahi kutengeneza nzuri kama hii.

Nimeificha kabatini kwanza. Jumatatu daktari huyo ananing'oa jino yeye mwenyewe. Naibandika Jumanne.